Mama Si Jina

Kwa muda wa miaka miwili hivi niliishi kwa kuchapa kurasa za mwisho za vitabu vya watu wengine. Kurasa za mwanzo wanafunzi walichapa wenyewe, na za katikati pia, kwa jasho na usingizi mchache. Lakini walipofika kwenye marejeo, pale ambapo mtu anatakiwa kuorodhesha kila kitabu alichosoma na kila mtu aliyemwambia neno, nguvu ziliwaishia. Ndipo walipokuja kwetu na vikaratasi vyao.

Kwetu ilikuwa sekretaria, chumba kimoja mjini Bujumbura, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Jabe. Tulikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na feni iliyogeuka polepole kama mtu anayekataa jambo kwa heshima. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, mwenye masihara. Mimi niliacha shule darasa la tano, na yeye aliniita Profesa. Hakuna aliyenifukuza shule. Siku moja nilitoka kwenda kutazama barabara inaishia wapi, nikakuta haiishi. Nilibeba saruji Rumonge, nikauza sabuni Uvira upande wa Kongo, nikapaka rangi nyumba za watu Gasenyi. Kuchapa nilijifunzia Uvira, kwa bwana mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua za kuomba kazi ambazo yeye mwenyewe hakuzipata.

Kazi ya marejeo hakuna aliyeitaka. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Jina la ukoo, mkato, herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, nukta. Mwaka kwenye mabano. Jina la kitabu kwa herufi za mlazo, zile zinazoinama kama nyasi za bondeni upepo unapotoka ziwani. Mji, kisha mchapishaji, kisha nukta tena. Nilichapa Leuven, Butare, Dakar, Kinshasa, na kila mji niliuona. Dakar niliijaza chumvi na kuta nyeupe. Leuven niliipa mvua nyembamba na watu wanaotembea bila kusalimiana. Sijafika huko, na huenda miji hiyo haifanani kabisa na ile niliyoijenga kati ya mkato na nukta, lakini saa za mchana zilipita hivyo, joto likiwa limelala barabarani na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ikififia mpaka ikawa kama alama ya penseli iliyofutwa.

Kilichonishangaza zaidi ni ujirani. Alfabeti haijali kitu. Humchukua marehemu wa zamani na kumketisha kando ya kijana aliyemaliza chuo juzi. Humweka padre karibu na mtu aliyeandika kitabu kizima kuwapinga mapadre. Wanakaa hapo kimya, bega kwa bega, kwa sababu tu majina yao yanaanza na herufi moja. Mara nyingi niliacha kuchapa nikawaza wanaambiana nini.

Jambo moja lilinitatiza. Mwongozo wa kitivo, kijitabu chenye kurasa zilizolegea ambacho nilikisoma mpaka nikakijua kuliko waliopewa, ulisema jina la ukoo litangulie. Hapa kwetu ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mrundi kwa kawaida harithi jina la baba yake. Akizaliwa hupewa lake, linalosema kitu cha siku ile: shukrani, ugomvi wa majirani, huzuni, au Mungu amefanya nini. Tumezaliwa watano, kaka wanne na dada mmoja, na ukitupanga kwenye orodha hakuna atakayejua kwamba tulinyonya ziwa moja. Basi jina la ukoo ni lipi? Wanafunzi waliamua tu. Jina la Kirundi walilitanguliza wakaliita la ukoo, na lile la Kifaransa walilikata likabaki herufi moja. Kila mtu alikubali, kama watu wanavyokubali saa ya ukutani iliyochelewa.

Hata hapa nimeacha majina yote nje. Wale wanawake nitakaosimulia habari zao waliyatoa majina yao kwa ajili ya memwari ya mwanafunzi mmoja. Hawakunipa mimi.

Huyo mwanafunzi, ambaye nitamwita dada tu, alikuja mwezi wa masika, amejifunika begi kichwani kwa ajili ya mvua. Alikuwa akikaa Gasenyi, na alikuwa anamaliza chuo. Kitabu cha kumalizia, ambacho sote tunakiita memwari, alikuwa amekiandika kwa Kifaransa juu ya majina ya vitenge katika soko la Jabe. Nilimwuliza kama mtu anaweza kupata shahada kwa jambo kama hilo. Akanitazama vibaya.

"Kwani we unafikiri watu wanapata kwa mambo gani?"

Nilivuta kibodi karibu. Kisha nikaanza kuchapa, na nikaelewa. Kitenge hakitoki kiwandani na jina. Kinafika kwenye furushi, kinafunguliwa, na kabla ya jua kuzama kinaitwa kitu. Kulikuwa na kimoja chenye duara zinazopanuka kama maji yaliyotupiwa jiwe: hicho ni Jirani Hazimi Radio. Kimoja cha madirisha madogo meusi juu ya manjano: Barua Bila Jibu. Kingine cha ndege wawili waliopeana mgongo kiliitwa Nilikuambia Nini. Ukivaa cha namna hiyo umesema neno, na wenzako sokoni wamekusikia, ingawa mdomo wako umefungwa. Dada alikusanya majina mengi ya aina hiyo, akauliza nani alikipa kitenge jina, lini, na kwa nini. Karibu yote katika sura ya tatu yalitoka kwa mwanamke mmoja.

Mwishoni mwa memwari palikuwa na orodha ya watu aliozungumza nao, wauzaji tisa. Aliwaandika kwa majina wanayoitwa sokoni. Na sokoni mwanamke mwenye mtoto haitwi kwa jina lake. Anaitwa Mama, halafu jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nilibonyeza kitufe cha kupanga kwa alfabeti, kama nilivyozoea. Kompyuta ikawakusanya wote tisa chini ya M. Niliwatazama pale, wamepangana mmoja chini ya mwingine kama kwenye meza zao, nikaona imependeza. Nikachapisha.

Jumanne iliyofuata dada alirudi na ile karatasi. Direkta wake, mwalimu aliyekuwa akimsimamia, alikuwa amezungushia M zote tisa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika maneno matatu: *Mama si jina*. Chini yake aliongeza kwamba kila msimulizi aandikwe kwa jina lake kamili la kitambulisho, kwa utaratibu wa mwongozo, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyekuwa na jina asihesabiwe, na maneno yake yatolewe.

"Ijumaa hii?" niliuliza.

"Hii hii. Wakaguzi wa memwari wanakaa wiki ijayo. Nikiikosa, nangoja mpaka mwaka mwingine." Aliketi kwenye kiti cha wateja. "Mwaka jana nilingoja. Mwaka juzi pia, chuo kilipochelewa. Nyumbani wameshaacha kuniuliza. Unajua ubaya wa kuacha kuulizwa?"

Mwenye duka aliinua kichwa kutoka kwenye fotokopi. "Profesa," alisema, "ni we uliyewafungia wamama wote chumba kimoja. Nenda ukawatoe."

Alisema kwa utani, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilijiona nina kosa kweli. Zaidi ya hapo, nilitaka kumwona huyo mwenye kuvipa vitenge majina.

Jumatano asubuhi tulikwenda pamoja. Upande wa vitenge sokoni mwanga hauingii moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye vitambaa vilivyotundikwa, na ukikufikia umeshakuwa mwekundu, au wa kijani, au wa rangi ya papai. Watu wanatembea humo ndani wakibadilika nyuso. Nilisahau kidogo tulichofuata. Dada akanivuta mkono.

Wa kwanza alikuwa mama mnene aliyekaa karibu na mlango, mwenye Kiswahili cha sokoni ambacho "ndiyo" yake ni "njo". Tulimwomba karangamuntu, kile kitambulisho chetu cha karatasi, ili tunakili jina.

"Karangamuntu? Mumekuwa polisi?"

"Apana, Mama," nilisema. "Ni kwa kitabu cha huyu dada."

"Kitabu njo kinataka karangamuntu? Kinaenda kuvuka mupaka?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha sindano. Lakini alikitoa, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kutoka ndani ya blauzi. Nilisoma jina kwa sauti ili dada aandike. Lilikuwa jina zuri la Kirundi, refu, kama jibu ambalo mtu alimpa jirani mgomvi zamani na jibu likaota miguu. Mama wa meza ya pili aliacha kukunja kitambaa.

"Njo jina yako iyo?"

"Njo yangu."

"Miaka yote hii tunakula pamoja! Mi nilifikiri ulizaliwa Mama."

"Nilizaliwa Mama? Basi nilijinyonyesha mi mwenyewe!"

Baada ya hapo ilikuwa kama mchezo. Kila aliyetaja lake aliwafanya wengine wapige makofi, au waguse vinywa. Mmoja alilitaja kwa haya, kama msichana, akasema mara ya mwisho kulisikia lilitoka kwa padre siku ya ndoa. Mwingine ilibidi akitazame kitambulisho chake kwanza. Nilitazama mikono ya dada ikiandika, nikaona orodha ile inajitawanya akilini mwangu: huyu anakwenda B, huyu K, wale wawili N. Walikuwa wanatoka chini ya M mmoja mmoja, kama watu wanaoshuka kwenye basi na kila mmoja kushika njia yake. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitia huzuni kidogo.

Wanane tuliwapata kabla ya adhuhuri. Wa tisa, yule wa sura ya tatu, alikaa mwisho kabisa, kwenye kona, miguu yake juu ya furushi ambalo halijafunguliwa. Alikuwa mwembamba, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa uzi. Alitoka ng'ambo, mbali kupita Uvira, na alikuwa ameishi Bujumbura miaka mingi kiasi kwamba wengi walisahau kuwa alitoka popote. Tulimkuta na kitambaa kipya amekinyoosha mapajani, chenye mistari iliyopinda na alama kama nyayo ndogo. Alikitazama muda mrefu. Hatukuthubutu kusalimia.

"Mugeni Hakunawa," alisema mwishowe.

Mama wa meza ya jirani akarudia, wa pili wake akarudia, na nililisikia jina likienda kutoka meza hadi meza mpaka mlangoni. Ilikuwa imekwisha. Kitambaa kilikuwa na jina.

Dada alimweleza shida yetu. Alisikiliza huku akikunja.

"Andika vile batu bananiita," alisema, akitamka "watu" kwa ile b ya kwao.

"Direkta amekataa, Mama."

"Anasema nini?"

Dada aliinamisha uso. "Anasema Mama si jina."

"Eh! Yeye alizaliwa na nani basi? Na karangamuntu?"

Kicheko kilipasuka meza zote. Yeye hakucheka. Aliweka kile kitambaa juu ya vingine, akakisawazisha kwa kiganja.

"Sikia, binti. Kwetu kule mutu iko na majina tatu. Ya kwanza ya baba. Ya pili nilipewa ya bibi yangu, mama ya mama. Ya tatu ya ubatizo. Siku navuka kuja huku, karatasi ya kuandikisha ilikuwa na mistari mbili. Mbili tu. Yule mwenye kuandika hakuwa mutu mubaya, alichoka tu. Akaniambia: chagua. Mvua inanyesha, niko na mutoto mugongoni analia, nichague nini? Nikamuacha bibi yangu kwenye mupaka."

Alinyoosha kidole kwenye karatasi ya dada.

"Sasa we unataka kuandika moja, na ile ingine ukate ibaki herufi. Ni vile?"

"Ndiyo vile mwongozo unavyosema, Mama."

"Sasa mi njo nabakia na nini? Apana." Alivua miwani. "Na ile ya Mama, sitaki uitoe. Mutoto yangu wa kwanza hakuvuka. Iko kule, kwenye udongo. Hapa sokoni mutu akiniita, naye anaitwa. Kila siku anaitwa, asubuhi mpaka jioni. We unataka direkta yako anyamazishe batu?"

Dada alifunga kalamu yake. Tulitoka kwenye rangi zile tukaingia kwenye jua la kawaida, na kwa muda hatukuona vizuri.

Njiani alitembea haraka, mbele yangu. Alikuwa akihesabu kwa midomo. Baadaye aliniambia alikuwa akihesabu kurasa ambazo zingebaki kama sura ya tatu ingeondoka. Hazikutosha kuitwa memwari.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kabla ya mwenye duka kufungua. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia, na utulivu ule haukunipendeza.

"Andika jina lolote," alisema.

"Lolote lipi?"

"La Kikongo. We umeishi Uvira, unayajua. Direkta hawezi kwenda Jabe kumtafuta. Nani atajua?"

Nilifungua kompyuta. Sitasema kwamba nilikataa, maana sikukataa. Nilimhurumia, na vidole vyangu vilikuwa na desturi yao. Nilibuni jina la ukoo, nikaweka mkato, nikaweka herufi moja, nukta. Muuzaji wa vitenge. Mazungumzo, soko la Jabe. Nilibonyeza kitufe, na lile jina likaruka mahali pake kati ya wale wanane, likakaa. Mstari ulikuwa safi kuliko yote niliyowahi kuchapa. Haukupungukiwa kitu.

Tuliutazama wote wawili. Feni iligeuka huku, ikageuka kule.

Nilikuwa nimechapa maelfu ya mistari ya namna ile, na kila mmoja nilikuwa nimeuamini. Niliponyanyua macho kutoka kwenye jina la mtu wa Dakar, nilijua kuna mlango Dakar aliotoka asubuhi moja. Hapa nilipojaribu kumwona yule niliyemwandika, sikuona uso wala miguu juu ya furushi. Nikawaza kwamba miaka ijayo mtu mwingine, pengine Leuven kwenyewe, angelinakili jina hilo kwenye orodha yake kwa mkato na nukta, na mwingine angelitoa kwake. Hapo lingekuwa limepata ukoo mzima, na mwanamke wa kona ya Jabe asingekuwa popote.

Dada ndiye aliyenyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kufuta, akakishikilia mpaka jina likaliwa lote, herufi baada ya herufi, kutoka nyuma.

"Bibi yake aliachwa na mwenye kuandika aliyechoka," alisema. "Na mimi nimechoka."

Tulichapisha ukurasa kama ulivyokuwa, mistari minane, na mahali pa wa tisa tukaacha peupe. Mchana mvua ilipopungua tukarudi sokoni. Mabati yalikuwa yakidondosha maji, na vitenge vimefunikwa plastiki, kwa hiyo rangi zote zilionekana kama ziko chini ya ziwa.

Dada alimpa karatasi. Yule mama alivaa miwani, akaisoma polepole, kwa kidole. Alikuta jina la jirani yake wa meza.

"Hii ni nani?"

"Ni mimi, si unaona?" jirani alisema, akinyoosha shingo.

"Iyi herufi mbele ya nukta ni nini?"

"Ni la ubatizo," nilisema. "Limefupishwa."

"Na nukta ni ya nini?"

"Nukta inasema jina bado linaendelea."

Aliniangalia juu ya miwani. "Linaendelea wapi?"

Nilikuwa nimeweka nukta kama ile mara nyingi kuliko nywele zangu, na sikuwa nimejiuliza hata siku moja jina linaendelea wapi. Jirani yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ya uchokozi: "Linaendelea nyumbani kwangu, linaenda kupika!"

Wakacheka wote, na safari hii naye alicheka. Kisha kidole chake kikashuka mpaka pale peupe, kikasimama.

"Na hapa?"

"Hapo ni mahali pako, Mama," dada alisema. "Nilitaka kukujaza uongo leo asubuhi. Nikashindwa. Kama hutaki, nitapaacha hivyo hivyo, na sura nitaitoa. Lakini nilitaka upaone."

Mvua iliongezeka tena, ikapungua. Mama alikuwa bado na kidole pale, kama mtu anayepima joto la maji.

"Ukiandika," alisema, "unaandika yote tatu. Nzima, bila nukta kati yao. Ya bibi yangu ikae katikati, vile ilikuwa. Na ya Mama ifuate. Ukikata hata moja, futa zote. Unaweza?"

Dada alitoa kalamu. Mwongozo ulikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo, na direkta alikuwa na kalamu nyekundu.

"Naweza," alisema.

Mama akayataja. Alilitaja la kwanza na la tatu kwa sauti ya kawaida. La katikati alilitaja mara mbili, la pili polepole kwa ajili ya kalamu, na alipomaliza alitazama pembeni, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu ila maji yakidondoka.

Ijumaa dada aliniomba niende naye, kwa sababu faili lilikuwa kwenye fleshi yangu na kama kungekuwa na marekebisho hakutaka kunitafuta. Direkta alitupokea kwenye baraza ya kitivo, amesimama, funguo mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, suruali imenyooshwa vizuri. Ilibaki kama nusu saa kufika saa sita. Alifunua moja kwa moja kurasa za mwisho, na hapo nikampenda kidogo. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeanza huko.

Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. Kikasimama.

"Huyu amezidi wenzake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwongozo unasema jina la ukoo na herufi ya kwanza."

"Ndiyo, Mwalimu. Amesema tukikata moja tufute yote. Na tukifuta yote, vitenge vya sura ya tatu vinabaki havina aliyevipa majina." Aliweka kidole juu ya mstari ule. "Hana jina moja la kuweka mbele ya mengine. Na mimi sina pia, Mwalimu. Jina ninaloliita la ukoo hakuna mwingine nyumbani analo."

Direkta alimtazama. Alikuwa Mrundi kama sisi. Nadhani alikuwa na kaka zake mahali, kila mmoja na jina lake. Aligeuza funguo kidoleni.

"Na hili la mwisho? Niliandika kwamba Mama si jina."

"Uliandika, Mwalimu. Halijatangulia. Liko kwenye mabano."

Nilikuwa nimeliweka humo mwenyewe asubuhi ile: *ajulikanaye kama*, kisha Mama, kisha jina la yule mtoto. Mwongozo uliruhusu mabano kwa mwandishi mwenye jina jingine la kujulikana. Ulikuwa mstari mmoja, chini kabisa ya ukurasa wa kumi na moja, na sidhani kuna aliyewahi kuutumia. Nilitaka kumwambia ukurasa, lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Direkta aliusoma ule mstari tena, midomo ikicheza kidogo. Aliyasoma majina yote matatu.

"Kwenye mabano," alisema, kama mtu anayeonja, "linaweza kukaa."

Akaweka memwari ukutani na kutia saini, na kalamu haikuwa nyekundu. Dada aliuliza tu kama kuna mahali pa kukaa.

Jumamosi alikwenda Jabe na nakala ya ukurasa ule, nami nikafuata, maana sikuwa na kazi nyingine ambayo ningeikumbuka. Jua lilikuwa limerudi, na tulipita tena tukibadilika nyuso, nyekundu, kijani, papai. Mama wa kona alikuwa anamhudumia mteja, mwanamke aliyevaa vizuri, mwenye haraka. Alipoona karatasi aliacha mita ya kupimia juu ya kitambaa. Akavaa miwani. Wale wanane waliacha meza zao wakaja kusimama nyuma yake.

Alisoma kwa sauti. Alichukua muda, kwa sababu aliligusa kila jina kabla ya kulitamka, na lile la katikati aliligusa kama mtu anayebisha hodi. Jirani yake alihesabu kwa vidole.

"Kumbe we ni batu batatu!"

"Bane," alisema, na kidole chake kikaingia ndani ya mabano, kwenye jina la mtoto.

Mteja aliuliza kama wamemsahau.

"Ngoja, Mama," alimwambia, na akarudi mwanzo wa mstari.